Nilimkana Mwanangu kwa Sababu ya Miwani

Ndugu zangu, mwenye kosa ni mimi, na simtafuti wa kugawana naye. Mke wangu hana kosa. Mwanangu hana kosa. Daktari naye hana kosa. Nyumba yangu nimeibomoa kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilianza kuibomoa siku mwanangu alipoandikiwa miwani.

Ndiyo, miwani! Cheka ukitaka. Hata mimi kama ningesoma habari hii ya mtu mwingine, ningecheka.

Ninaishi Runzewe, nina duka la vifaa vya wachimbaji: kamba, nyundo, mabuti, tochi za kichwani. Zamani nilikuwa mchimbaji mwenyewe. Nimeshuka sana kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ya upande wa Bugarama, mpaka mgongo ukagoma. Majina nitakayotaja si ya kweli. Mwanangu nitamwita Kabula, na mke wangu ni Mama Kabula, inatosha.

Kabula ni mtoto wetu wa pekee. Kabla yake mimba ziliharibika, mke wangu akalia mpaka akazoea kulia. Kabula alipozaliwa nikasema huyu nitamlinda kama yai.

Na kweli nilimlinda! Nyumba yetu iko karibu na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi kutwa. Nyuma yetu kuna mashimo ya zamani ambayo hakuna aliyeyafukia, bodaboda zinapita kama zinafukuzwa, na wageni wa kila mkoa wanazurura. Nikaweka sheria: Kabula akitoka shule anaingia ndani, mlango unafungwa. Wenzake wanacheza rede nje, yeye yuko chumbani. Kitabu kikimchosha anachukua simu ya mama yake, simu ikiisha chaji anarudi kwenye kitabu. Chumba chenyewe kina kidirisha kidogo, na pazia niliweka zito ili vumbi lisipite.

Nilijisifu kwa watu. "Mwanangu hajui hata rede inachezwaje. Yeye ni vitabu tu!"

Mama Kabula alinionya. "Baba Kabula, mtoto anahitaji jua. Hata mche ukiufunika unapauka."

"Mche hautumbukii shimoni," nikamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kabula alipofika darasa la tano, mwalimu wake akaniita. Akaniambia mtoto anakosea kunakili ubaoni, anaandika tatu palipo na nane. "Lakini nikimsogeza dawati la mbele kabisa anapata zote. Mpelekeni akapimwe macho."

Mimi nikamshuku mwalimu. Nikajua anatafuta njia ya kumwingiza mtoto kwenye masomo ya ziada. Nyumbani nikamshuku mtoto: mvivu huyu, simu imemharibu. Akikunja uso kutazama televisheni, nikadhani ananinunia. Nilimfinya sikio, Mungu anisamehe.

Mama yake ndiye aliyempeleka hospitali. Na mimi nilikwenda, ila nilikwenda kuhakikisha hatudanganywi.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole. Akamweka Kabula mbele ya ubao wa herufi. Ile herufi kubwa ya juu aliisoma. Ya pili akabahatisha. Baada ya hapo akanyamaza, akanigeukia mimi kama mtu aliyekamatwa na kosa.

"Mtoto haoni mbali," daktari akasema. "Karibu anaona vizuri, lakini kuanzia pale ubaoni kwake ni ukungu. Kati yenu wazazi, nani anavaa miwani?"

"Hakuna," nikasema kwa kujivuna. "Ukoo wetu wote macho ni ya mwewe."

"Nauliza kwa sababu mzazi akiwa na tatizo hili, mtoto naye anakuwa kwenye hatari zaidi ya kulipata."

Akaendelea kuongea. Najua aliendelea kwa sababu niliona midomo ikicheza, na mke wangu akawa anauliza hiki na kile. Lakini mimi sikuwapo pale tena. Neno moja nilikuwa nimeshalidaka, na lilinitosha.

Nilikuwa namfikiria Mwalimu Edga.

Nieleze. Zamani, nikiwa bado maduarani na nyumbani narudi mara mojamoja, chumba chetu cha uani tulimpangisha mwalimu kijana. Kimya, hana makuu. Na miwani yake ilikuwa minene kama chini ya chupa ya soda! Mke wangu alikuwa anampikia, tulikubaliana hivyo sote watatu. Siku uchungu ulipomshika Mama Kabula mimi niko chini ya ardhi, na Edga ndiye aliyetafuta gari la kumfikisha hospitali. Wakati ule nilimshukuru, nikamchinjia jogoo. Baadaye akahamishiwa shule moja kule Nkome, ziwani.

Na mke wangu anafanya biashara gani? Dagaa. Anazifuata wapi? Nkome!

Jamani, shaka ikishapata pa kukaa, inajiletea samani yenyewe.

Nilianza kumtazama mwanangu kama mtu anayekagua noti. Masikio haya ya nani? Pua hii mbona imechongoka? Mbona anapenda vitabu, mimi na vitabu wapi na wapi? Nilikuwa nasimama mlangoni akiwa anakula, nikimtazama, mpaka anaacha kijiko.

Badala ya kumuuliza mke wangu, nikamuuliza dada yangu mkubwa. Kosa juu ya kosa!

"Mdogo wangu," akasema, "baba hakuvaa miwani, mama hakuvaa, mimi sivai, wewe huvai. Hayo macho yametoka wapi? Dukani?" Akanong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Kapime vinasaba."

Sikwenda kupima. Niliogopa jibu. Nikaona afadhali kuendelea kushuku.

Mke wangu akinunua sabuni mpya, najiuliza anajisafishia nani. Simu yake ikiita akatoka nje kupokea, namfuata kama naenda kuchota maji. Alikuwa anatoka kwa sababu ndani mtandao unakatika, jambo ambalo hata mimi nalijua! Lakini nilikuwa nimeshaacha kujua ninayoyajua.

Miwani ya Kabula ilikuja. Mtoto aliivaa akatoka mlangoni, akasimama. "Mama! Kumbe kwenye ule mlingoti kuna nyaya!" Mama yake akacheka huku anafuta machozi. Mimi nikaona Edga amesimama uani kwangu katika umbo la mtoto wa kike.

"Vua hiyo takataka," nikasema. "Miwani inazidi kuua macho."

"Daktari amesema haiui," mke wangu akanijibu. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo! Na nilisikia aliyoyasema, kuliko unavyodhani!"

Tukagombana, na mdomo wangu ukatoa yaliyokuwa ndani. Sikulitaja jina la mtu. Nilisema tu kwamba kwetu hakuna vipofu, kwa hiyo kipofu huyo amwendee baba yake. Kabula alikuwa nyuma ya pazia.

Kesho yake mchana akaja dukani amevaa sare za shule, miwani ameishika mkononi. Akasubiri mteja aondoke.

"Baba, nikiivua nitakuwa mtoto wako?"

Ndugu msomaji, pale ndipo mwanamume mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilipanga mabuti kwenye rafu. Nikamwambia, "Nenda nyumbani."

Tangu siku ile hakuivaa tena mbele yangu. Shuleni nako akawa haivai, kwa sababu aliogopa nitapita. Alama zikashuka mpaka mwalimu akakata tamaa ya kuniita. Na mimi nililiona, nikajiambia kumbe damu ya Edga nayo si ya akili sana. Ona ubaya wa moyo wangu!

Muda si mrefu Mama Kabula akasema anakwenda Nkome kuchukua mzigo. Nikamwitikia vizuri, nikamtakia safari njema. Alipoondoka nikafunga duka, nikapanda basi lililofuata. Katoro nikaunganisha gari, nimejifunika kofia usoni, natazama kila abiria kama mpelelezi.

Nkome nilifika jua limepamba moto. Dagaa zimeanikwa kila mahali, harufu inakupokea kabla ya watu. Nikajibanza kwenye mitumbwi, nikaangaza ufukweni.

Nikamwona! Kule mbele, kwenye vichanja vya dagaa, kitenge chekundu, kimo chake, hata anavyoshika kiuno. Na mbele yake mwanamume mrefu, kitu kinang'aa usoni mwake. Miwani! Wanacheka. Mwanamume akamwekea mkono begani.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka nimemkwida yule bwana kwa ukosi wa shati. "Mwalimu! Leo utaniambia!"

Akageuka.

Hakuwa Edga. Alikuwa mzee wa rika la marehemu baba yangu. Miwani hana! Kilichong'aa ilikuwa simu aliyokuwa ameiweka sikioni. Na yule mwanamke wa kitenge chekundu hakuwa mke wangu, hata kufanana hawafanani. Alikuwa mama wa makamo, mkewe huyo mzee. Alinitazama, akatazama mkono wangu kwenye shingo ya mumewe, akapiga yowe.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Wote mnajua neno hilo likitamkwa sokoni kinachofuata. Walitoka wabeba mizigo, wakatoka wenye mitumbwi, wakatoka kina mama na vijiti vya kugeuzia dagaa. Nilianguka. Nilipigwa kwenye jicho, mdomoni, mbavuni. Mtu mmoja akasema lete petroli. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu.

"Msimuue! Ni mume wangu! Ni baba wa mtoto wangu!"

Mama Kabula. Alikuwa kwenye banda la upande wa pili, anafunga magunia na mwanamke mwenzake. Alijitupa juu yangu, vijiti vingine vikamwangukia yeye. Akawaomba, akapiga magoti kwa yule mzee, akasema mume wangu amechanganyikiwa, ana homa, msameheni. Akawaambia mpaka wakaamini. Watu wakaanza kutawanyika.

Akaniinamia. "Baba Kabula, umefuata nini huku?"

Ningesema asante. Ningesema nisamehe. Nilitema damu, nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Yuko wapi mwalimu wako? Yule mtoto ni wa nani?"

Hata yule mzee niliyemkaba aliangalia chini kwa aibu, aibu iliyokuwa yangu.

"Kumbe ndilo hilo," mke wangu akasema polepole. "Edga alihama hapa kabla Kabula hajaanza shule. Alipata mke, wakaenda naye Kigoma. Ungeniuliza ningekwambia."

Akasimama, akapangusa mchanga magotini. Mzigo wa dagaa aliuacha palepale. Nilipofika Runzewe, kabati lilikuwa tupu upande wao. Amemchukua Kabula amerudi kwao, kijijini huko Shinyanga.

Lile jicho likavimba likafunga kabisa, nikalazimika kwenda hospitali. Kwa daktari yuleyule! Nilitamani nigeuze. Akanisafisha, na uvimbe uliposhuka akaniweka mbele ya ubao wa herufi.

Herufi kubwa ya juu niliisoma. Ya pili nikabahatisha.

"Ni kipigo," nikasema.

"Jicho moja ndilo lililopigwa," akasema. "Hili la pili ni zima, na halioni mbali vilevile. Hujaanza leo. Huoni mbali tangu ujana wako."

"Mimi? Naona vizuri!"

"Unaona ulivyozoea."

Akanivalisha yale mafremu ya kupimia, akaweka vioo. Kupitia mlango niliona wagonjwa kwenye benchi la mbali. Mama wa mwisho alikuwa anapiga miayo. Ee Mungu wangu, nilimwona anapiga miayo! Sikuwahi kujua kwamba mtu aliye mbali kiasi kile ana uso.

Mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine. Watu wananiita mwenye maringo kwa kutowaamkia wa ng'ambo ya barabara. Stendi siku zote nauliza basi hili linakwenda wapi. Na duarani nani angegundua? Kule mwamba uko shibiri moja kutoka puani.

Nikamwambia daktari yote, mpaka ya Nkome. Alinisikiliza, kisha akavua miwani yake mwenyewe akaifuta taratibu.

"Baba, siku ile hukunisikiliza. Nilisema mzazi ni sababu mojawapo ya hatari. Hata nyinyi wote wawili mngekuwa mnaona vizuri, mtoto angeweza kulipata tatizo hili. Wapo watoto wengi wa hivyo. Nilisema kuna mtoto kushinda ameinamia kitabu na simu karibu na uso, bila kupumzisha macho. Nilisema kuna kukosa kutoka nje kwenye mwanga wa mchana. Mke wako alinieleza Kabula anavyoishi, nikawaambia mtoeni nje kila siku, acheze, hasa kabla tatizo halijawa kubwa. Wewe ulikuwa unatazama ukutani."

"Kwa hiyo nikimtoa nje atapona?"

"Jua halifuti kilichokwisha kutokea. Avae miwani yake, na aje kupimwa kila inapobidi. Lakini kucheza nje bado kunamfaa."

Nilikaa kwenye lile benchi la nje kwa muda mrefu. Nilimtafuta aliyempa mwanangu macho yale mpaka Nkome. Kama ni damu, ni yangu. Kama ni kufungiwa, aliyemfungia ni mimi.

Lakini bado sikuwa nimeelewa, ndugu zangu. Kwa sababu nilipopata miwani yangu nilifurahi! Nilikwenda ukweni na cheti cha daktari mfukoni kama mtu anayepeleka ng'ombe wa mahari. Nilijua nikiwaonyesha yamekwisha.

Nilifika asubuhi. "Mwangaluka," nikamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma. Aliitikia, lakini kiti alinipa bila kunitazama.

Kabula alikuwa ng'ambo ya boma na binamu zake, wanakimbiza ndama. Amevaa miwani, amefungia uzi kisogoni isidondoke, anacheka! Aliponiona alisimama. Akaivua haraka, akaificha ndani ya gauni.

Nikainuka kwenye kiti.

"Usivue, mama," nikamwita. "Mtazame baba. Baba naye anavaa."

Akasogea karibu, akanitazama usoni, akatazama miwani. Hakunikumbatia. "Na wewe ulikuwa huoni?" akauliza.

"Nilikuwa sioni."

Akafikiri kidogo, akavaa yake, akarudi kwa ndama.

Mama Kabula alitoka jikoni. Nikamwamkia, nikampa cheti. Nikamweleza kila kitu, haraka haraka: mimi ndiye nisiyeona mbali, ni damu yangu, daktari amethibitisha, kwa hiyo sasa sina shaka tena, turudi nyumbani.

Alikisoma cheti mpaka mwisho. Akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Na kama daktari angekukuta macho yako mazima?"

Sikuelewa. "Vipi?"

"Kama ungeisoma mistari yote mpaka wa chini. Ningekuwa malaya?"

Nikakitazama kile cheti mkononi.

"Ungekuja hapa leo?"

Nikatafuta jibu, na kila nililoliokota lilikuwa uongo. Yeye aliona natafuta. Mama yake akamwambia kwa upole, "Ng'wanawane, mwanangu, mwache baba wa watu aondoke jua halijawa kali." Wakaniaga vizuri, kwa heshima zote. Ile heshima iliniumiza kuliko vijiti vya Nkome.

Mama Kabula hajarudi. Baba mkwe anasema hatanirudishia mtu kwa nguvu, na ana haki. Kabula huja likizo. Tunakaa nje kutwa, ananifundisha rede, ninakosa mpira na ananicheka. Kuna nyakati nacheka naye. Kuna nyakati namwona anagusa miwani yake na kunitazama kwanza, kama anaomba ruhusa, na hapo natamani ardhi inimeze.

Wazazi wenzangu, mtoto akikunja uso, akisogelea televisheni, akikosea ya ubaoni, usimfinye sikio. Mpeleke akapimwe. Mtoe nje apate mwanga, hata kama kuna vumbi. Kama nje kuna mashimo, toka naye ukae umwangalie, badala ya kumfungia kama nilivyofanya mimi. Akiandikiwa miwani, mwache aivae na umsifie alivyopendeza.

Na wewe mwanamume mwenzangu ambaye sasa hivi unamtazama mtoto masikio na pua: muulize mke wako kabla hujamuuliza dada yako. Akikujibu, mwamini siku hiyohiyo, kabla hujaletewa cheti cha daktari. Mimi nilingoja uthibitisho ndipo niamini. Uthibitisho ulikuja, ukanikuta peke yangu.